Milango ya Mwili na Utulivu wa Moyo

1. Mvua juu ya mabati

Ilikuwa mwezi wa Novemba, majira ya mvua, katika mji wa Kamina. Wanafunzi wa darasa la tatu walikuwa wakifanya hesabu. Mara wingu jeusi likafunika jua, na mvua kubwa ikaanza kupiga mabati ya nyumba ya masomo. Kelele ikazidi, hata sauti ya mwalimu haikusikika tena. Watoto wengi wakacheka na kufurahi, maana hesabu ilikuwa ngumu.

Lakini mtoto mmoja hakucheka. Aliziba masikio kwa mikono miwili. Macho yake yakawa makubwa, magoti yakatetemeka. Jirani yake wa benchi akamgusa begani kwa mchezo tu. Papo hapo mtoto yule akaruka kama aliyechomwa na moto, akampiga jirani yake kwa kibao cha kuandikia. Damu ikatoka katika paji la uso.

Mwalimu akamtoa nje. Akasema: "Mtoto huyu ni mkali. Hii ni mara ya tatu. Kesho aje na mzazi wake. Pengine hatakaa tena katika darasa hili."

Siku ya pili alikuja nkambo yake, mama wa mama yake, amejifunga kikwembe cha zamani. Wakaamkiana.

"Jambo, Mwalimu."

"Jambo, Mama. Karibu, ukae."

Nkambo akakaa, akasema: "Mwalimu, mtoto alikosa. Nimemleta aombe msamaha kwa mwenzake. Lakini uniruhusu niseme neno moja. Mtoto huyu si mkali. Mtoto huyu anaogopa. Tulikuwa tukikaa kijijini, mbali na hapa. Usiku mmoja wa mvua watu wenye silaha walikuja. Hatukusikia hatua zao kwa sababu ya kelele ya mvua. Tulikimbia, tukalala katika majani siku mbili. Tangu siku ile, mvua ikipiga mabati, mwili wake unakimbia, hata kama miguu yake imekaa."

Mwalimu akanyamaza kimya.

Je, nkambo alisema kweli? Mwili unaweza kukimbia hali miguu imekaa? Ndiyo, unaweza. Sababu yake ni hii.

2. Mlinzi wa ndani

Ndani ya kila mtu kuna mlinzi. Mlinzi huyu si mtu wala si pepo. Ni sehemu ya ubongo. Kazi yake ni kuangalia hatari mchana na usiku. Tuseme mtu anapita katika njia ya majani marefu, na ghafula anaona nyoka. Mlinzi haulizi: "Je, nyoka huyu ana sumu?" Hana nafasi ya kuuliza. Anapiga ngoma mara moja, na mwili wote unaitika.

Juu ya mafigo mawili ya mtu kuna tezi mbili ndogo. Ngoma ikilia, tezi hizo zinamimina katika damu maji yenye nguvu yaitwayo adrenalini. Ndipo moyo unapiga mbio. Pumzi inakuwa fupi. Mikono inatoa jasho. Misuli inakaza. Tumbo linapunguza kazi ya kusaga chakula. Sasa mwili uko tayari kukimbia au kupigana. Kwa njia hii watu wengi wameokoka katika hatari.

Lakini mlinzi huyu ana upungufu mmoja: haraka yake ni kubwa kuliko akili yake. Wazee walisema: "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka." Unyasi si nyoka, lakini mlinzi anakumbuka, naye anapiga ngoma bure. Ndivyo ilivyo kwa mtoto yule. Mvua haikumdhuru hata mara moja. Lakini usiku ule wa hatari ulikuwa na kelele ya mvua, na mlinzi wake ameshika kelele hiyo kama alama ya hatari.

Tena, ngoma ya mlinzi inapolia, ni vigumu mtu kusikia mashauri. Mwalimu akipaza sauti: "Tulia!", mtoto anasikia sauti kali tu, wala hashiki maana ya neno. Na sauti kali inamwongezea hofu. Watu husema: "Dawa ya moto ni moto." Pengine ni kweli kwa mambo mengine, lakini si kwa mtoto mwenye hofu.

Basi, kama maneno hayamfikii mlinzi upesi, ni nini kinachomfikia? Ni habari zinazoingia kwa milango ya mwili.

3. Milango ya mwili ni mingapi?

Kila mwanafunzi anajua milango mitano ya fahamu: macho ya kuona, masikio ya kusikia, pua ya kunusa, ulimi wa kuonja, na ngozi ya kugusa. Lakini wataalamu wanahesabu mingine mitatu, nayo haionekani.

Mlango wa sita uko ndani kabisa ya sikio. Kila sikio lina vifereji vitatu vidogo vyenye maji. Mtu akiinama, akigeuka au akizunguka, maji yale yanasogea, na ubongo unajua kichwa kinaelekea wapi. Huu ni mlango wa mwendo na usawa. Mtoto akizunguka mara nyingi kisha akasimama ghafula, maji yale yanaendelea kusogea kwa kitambo. Ndiyo maana anaona kizunguzungu.

Mlango wa saba uko katika misuli na viungo vya mifupa. Kwa mlango huu mtu anajua mkono wake uko wapi hata gizani, na anajua kama ndoo ni nzito au nyepesi. Mtu akifumba macho na kugusa pua yake kwa kidole bila kukosea, ni mlango huu uliomwongoza.

Mlango wa nane unaleta habari za ndani: njaa, kiu, moyo kupiga, tumbo kuuma, kibofu kujaa. Mtu asiyezoea kusikiliza mlango huu hajui kama amekasirika au ana njaa tu. Anagombana na ndugu zake, kisha anakula bukari, na hasira inakwisha. Haikuwa hasira, ilikuwa njaa.

Mwanamke mmoja wa Marekani, jina lake A. Jean Ayres, alichunguza sana namna ubongo unavyopokea na kupanga habari hizi zote, na namna watoto wengine wanavyopata shida kwa ajili yake. Mwaka 1972 alitoa kitabu juu ya jambo hilo. Tangu wakati ule wengine wamefuata njia yake. Wote wanakubali neno moja: mtoto asiyetulia si kila mara mtoto mbaya. Mara nyingi milango yake inapitisha habari nyingi mno au chache mno.

4. Watu hawafanani

Nyumba moja ina mlango mpana, nyumba nyingine ina mlango mwembamba. Ndivyo walivyo watu.

Mwenye mlango mpana anapokea mambo mengi kwa mara moja. Sauti ndogo kwake ni kubwa. Shati lenye mshono mgumu linamchoma shingoni mchana kutwa. Harufu ya samaki sokoni inamfukuza. Mtoto huyu anachoka upesi kati ya watu, naye anaweza kulia au kupiga bila sababu inayoonekana.

Mwenye mlango mwembamba anapokea kidogo. Akiketi kimya, ubongo wake unasinzia. Kwa hiyo anacheza na miguu, anapiga benchi kwa vidole, anatafuna kalamu, anainuka kila mara. Mwalimu anafikiri mtoto huyu anafanya makusudi. Kumbe mwili wake unaomba kazi, kama mwenye njaa anavyoomba chakula.

Mtu mmoja anaweza kuwa na mlango mpana wa masikio na mlango mwembamba wa misuli. Tena mtu yule yule anabadilika. Akilala vizuri na kushiba, anavumilia kelele za soko lote. Akiwa na homa, au amekesha usiku, mlio wa sufuria moja unamkasirisha. Hakuna aibu katika jambo hili. Aibu iko katika kumcheka mwenzako kwa sababu yake.

5. Mambo yanayotuliza

Wazee wa sehemu zote za dunia walijua mambo mengi ya kutuliza moyo kabla ya wataalamu kuyaandika. Mengine yanafanyika kila siku katika nyumba za Kamina, na watu hawajui kwamba ni dawa.

Kazi nzito. Angalieni msichana anayetwanga. Amekuja na hasira, amegombana na dada yake. Anashika mchi, anapiga kinu: mara kumi, mara hamsini. Misuli ya mabega inafanya kazi kwa mwendo mmoja. Sombe zinapolainika, na hasira yake imepungua. Kazi nzito yenye mwendo mmoja inapeleka habari nyingi ubongoni kwa mlango wa misuli, na kwa watu wengi habari hizo zinaleta utulivu. Kuchota maji, kupasua kuni, kulima, kusukuma baiskeli yenye gunia la makaa: zote ni za namna hiyo. Mtoto aliye darasani, asiyeweza kutoka, asukume ukuta kwa mikono miwili huku akihesabu mpaka 10, au avute benchi alilokalia kwa nguvu.

Kushikwa kwa nguvu ya upole. Nzi akitembea juu ya mkono, mtu anashtuka. Mguso mwepesi unaamsha mlinzi. Lakini mguso mzito na wa polepole unamlaza. Ndiyo maana mtoto mchanga ananyamaza anapofungwa mgongoni kwa kikwembe. Kitambaa kinambana vizuri, mgongo wa mama unampa joto, hatua za mama zinambembeza. Milango mitatu inapata habari njema kwa mara moja. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, daktari Edgar Rey hakuwa na mashine za kutosha za kutunza watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Akaagiza mama wawaweke kifuani, ngozi kwa ngozi. Siku hizi njia hiyo inafuatwa katika hospitali za nchi nyingi, maana imeokoa watoto wengi.

Kuna habari nyingine ya ajabu. Temple Grandin ni mwanamke wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1947. Alipokuwa mtoto alichelewa sana kusema, na kelele zilimtesa. Hata kukumbatiwa na watu kulimtesa. Alipokuwa kijana alikwenda kukaa kwa shangazi yake aliyefuga ng'ombe. Huko aliona ng'ombe wakiingizwa katika zizi jembamba wapate kuchomwa sindano. Mbao za pande mbili ziliwabana, na wengine wao, badala ya kupigana, walitulia. Grandin akajitengenezea chombo cha mbao cha kujibana mwenyewe, kwa nguvu aliyotaka, na kwa wakati aliotaka. Hofu yake ikapungua. Baadaye akawa mwalimu wa chuo kikuu, mtaalamu wa kutunza ng'ombe bila kuwatesa.

Kubembea. Mwendo wa polepole, wa mbele na nyuma, unatuliza kwa mlango wa sita. Mwendo wa haraka na wa kuzunguka unaamsha. Mzee anayejitikisa polepole kitini, mama anayetembea na mtoto usiku: wote wanafanya kazi ile ile.

Pumzi. Kati ya njia zote, hii haigharimu hata franka moja, na mtu anaweza kuitumia mahali popote bila kuonekana. Mshipa mrefu wa fahamu unatoka katika ubongo, unapita shingoni, unafika moyoni na tumboni. Mtu akivuta pumzi, moyo unakwenda upesi kidogo. Akitoa pumzi, mshipa ule unauzuia moyo kidogo, nao unapunguza mwendo. Kwa hiyo, mtu akitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, moyo unazidi kutulia. Avute kwa hesabu ya 3, atoe kwa hesabu ya 6, kama anayepuliza makaa yasizimike wala yasiruke majivu. Afanye hivyo mara 10.

Pua na ulimi. Njia ya harufu ni fupi sana: inafika upesi mahali pa ubongo panapotunza kumbukumbu na hisia. Kwa sababu hiyo harufu ya mvua ya kwanza juu ya udongo mkavu inaweza kumfurahisha mtu mara moja, na harufu ya majani yaliyoungua inaweza kumliza yule ambaye nyumba yake ilichomwa. Kila mtu achague harufu inayomkumbusha mema: mchaichai katika maji ya moto, ndimu, sabuni ya nguo zilizofuliwa. Kutafuna kitu kigumu, kama muwa au karanga, kunasaidia pia, kwa sababu taya lina misuli yenye nguvu.

6. Mambo yanayoamsha

Si kila mtu anahitaji kutulizwa. Mwezi wa Septemba, kabla ya mvua, jua la Kamina ni kali, na baada ya saa sita watoto wanasinzia juu ya vitabu. Mwingine amejaa huzuni, mwili wake mzito, hataki kusema wala kucheza. Huyo anahitaji kuamshwa kwa upole.

Maji ya baridi usoni na katika vifundo vya mikono, kuruka mara 20, kupiga makofi kwa wimbo wa haraka, kutafuna tangawizi, kutoka kivulini na kusimama katika mwanga: mambo haya yanafungua milango. Lakini mwenye huzuni asisukumwe. Aanze na jambo dogo, pamoja na rafiki.

7. Waimbaji wa Kamina

Kuna jambo moja linalofungua milango mingi pamoja, nalo lilifanyika hapa Kamina hata dunia nzima ikasikia. Jambo hilo ni kuimba.

Mwaka 1953 Guido Haazen, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, alianza kuongoza masomo ya Kamina. Aliwakusanya wanafunzi na waalimu, wakafanya kundi la waimbaji na wapiga ngoma. Kundi likaitwa "Troubadours du Roi Baudouin". Waimbaji hawa waliimba misa ya Kilatini kwa namna ya nyimbo za Kongo, bila kinanda, kwa ngoma na sauti tu. Inaitwa Missa Luba. Mwalimu Joachim Ngoi ndiye aliyeongoza kwa sauti yake. Mwaka 1958 walisafiri mpaka Ulaya, wakaimba katika maonyesho makubwa ya Bruxelles, na wimbo wao ukatiwa katika sahani ya santuri. Watoto waliokwenda hawakuwa wakubwa: walikuwa wanafunzi kama wengine.

Sehemu ya kwanza ya misa ile inafuata namna ya kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba. Hapo pana hekima ya kufikiri. Waluba wa zamani, walipofiwa, hawakumwambia mtu: "Nyamaza, usilie." Waliimba pamoja naye. Anayeimba anavuta pumzi fupi na kuitoa ndefu. Basi anafanya dawa ya pumzi bila kuambiwa. Masikio yake yanapata sauti za wenzake. Mwili unayumba pamoja na miili mingine. Ngoma inasikika hata katika mifupa ya kifua. Uchungu haukwishi, lakini haumbebi mtu peke yake tena.

Mwaka 2013 wataalamu wa mji wa Göteborg, nchi ya Uswidi, walitoa habari ya jambo walilopima. Waliwaweka vijana waimbe pamoja, wakapima mapigo ya mioyo yao. Wimbo ulipokuwa wa polepole na wa pumzi ndefu, mioyo ya waimbaji ilipanda na kushuka mwendo kwa pamoja. Watu walioketi kuzunguka kasala tangu zamani wasingeshangaa kusikia habari hiyo.

8. Kuzuia moto kabla haujawaka

Majira ya kiangazi watu wa pande za Kamina wanaogopa moto wa pori. Mwenye akili hangoji moto ufike nyumbani. Anafyeka majani kuzunguka nyumba mapema. Moto mdogo unazimwa kwa tawi moja la majani mabichi; moto mkubwa hauzimwi hata kwa ndoo mia.

Ndivyo ilivyo kwa hofu na hasira. Kila mtu ajifunze alama zake za kwanza. Mmoja anasikia masikio yanawaka. Mwingine ngumi zinajikunja. Mwingine tumbo linakaza, au koo linakauka. Alama ya kwanza ikionekana, huo ndio wakati wa kutoa pumzi ndefu au kwenda kuchota maji. Mtu akingoja mpaka ameshika kibao mkononi, amechelewa. Hasira, hasara.

Lakini yako mambo manne ya kuangalia sana.

La kwanza: kinachomtuliza mmoja kinaweza kumtesa mwingine. Mtu asimkumbatie mwenzake kwa nguvu akidhani anamsaidia. Amwulize kwanza. Asiyetaka kuguswa aachwe, na rafiki akae karibu tu.

La pili: pumzi na wimbo si chakula, wala si kinini. Mwenye njaa apewe chakula. Mwenye homa apelekwe kwa daktari. Na mtoto anayepigwa au kuonewa asiambiwe "vuta pumzi". Amwambie mtu mzima anayemwamini, ili uovu ukomeshwe.

La tatu: kuna milango ya uongo. Watu wengine wanatafuta utulivu katika lutuku, au bangi, au katika kunusa gundi na petroli. Vitu hivyo havimtulizi mlinzi, vinamlewesha. Akiamka, anapiga ngoma kuliko kwanza, na ubongo umeharibika.

La nne: kuogopa si ruhusa ya kuumiza. Aliyempiga mwenzake kwa hofu bado amempiga. Jeraha linauma vile vile. Lazima aombe msamaha, na lazima ajifunze njia nyingine.

9. Mwisho wa habari ya mtoto yule

Mwalimu alifikiri usiku ule. Kesho yake alimwita mtoto, naye akasimama mbele ya jirani yake mwenye kitambaa kichwani, akasema: "Nisamehe. Sikukuchukia." Jirani akasema: "Nimekusamehe. Lakini sitakaa karibu yako." Mwalimu hakumlazimisha.

Akamhamisha mtoto kwenye benchi la ukutani, mbali na mlango, apate kuona chumba chote mbele yake, asiguswe kutoka nyuma. Tena akampa kazi. Kila mara mawingu yanapokusanyika, mtoto huyo pamoja na mwenzake mmoja wanaingiza ndani ndoo kubwa ya maji ya darasa, ambayo ni nzito. Kisha, mvua ikianza, mwalimu anaacha hesabu kidogo, na darasa lote linaimba wimbo wa polepole. Maana wakati wa kelele ile hakuna anayesikia hesabu. Nyumbani, nkambo alimpa kazi ya kutwanga kila jioni, naye akamfundisha kupuliza pumzi kama anayepuliza makaa.

Mwezi wa Februari radi kubwa ikapiga karibu na njia ya reli. Watoto wote wakapiga kelele. Mtoto yule akashika benchi kwa mikono miwili. Akatetemeka. Midomo yake ikawa kama ya mtu anayepuliza moto: mara moja, mara mbili, mara nyingi. Hakumpiga mtu. Hofu ilikuwapo, lakini haikumtawala tena kama zamani.

Mvua ilipopungua, aliona kibao chake kimeanguka chini. Kabla hajainama, mkono mwingine ukakiokota. Alikuwa jirani yake wa kwanza, mwenye kovu katika paji la uso. Akamrudishia, akaketi karibu yake katika benchi la ukutani. Wakamaliza hesabu. Jibu moja lilikuwa na kosa, na mwalimu akawaonyesha namna ya kulisahihisha.

MAULIZO

1. Kwa nini mtoto yule alimpiga jirani yake? Alikuwa mkali au mwoga? Eleza.
2. Nini maana ya maneno ya nkambo: "Mwili wake unakimbia, hata kama miguu yake imekaa"?
3. Taja milango minane ya mwili. Ipi haionekani?
4. Kwa nini kutoa pumzi ndefu kunatuliza moyo?
5. Waimbaji wa Kamina walisafiri kwenda Ulaya mwaka gani? Kasala ni nini?
6. Kwa nini mwalimu hakumlazimisha jirani kukaa karibu na mtoto yule?

MAZOEZI

Weka vidole viwili juu ya mshipa wa mkono, chini ya kidole gumba. Mwenzako aangalie saa. Hesabu mapigo ya dakika moja na kuyaandika. (Mtoto wa masomo aliyetulia ana mapigo kama 70 hata 100.) Kisha ruka mara 30, uhesabu tena. Mwisho kaa, vuta pumzi kwa hesabu ya 3 na kuitoa kwa hesabu ya 6, mara 10. Hesabu mara ya tatu. Linganisha hesabu zote tatu, na umwonyeshe mwalimu.

Andika mistari mitano juu ya neno hili: "Alama ya kwanza ya hasira yangu, na jambo linalonituliza."